Chango la Connie

Leanne Sutcliffe nimemjua tangu alipohamia nyumba ya pili na yangu, hapa Hollinbeck mtaa wa juu, ambako nyumba zimeshikana ukuta kwa ukuta na ukipiga chafya jikoni jirani anakuombea afya. Kazi yake ni kuendesha lori la halmashauri. Majira ya baridi anamwaga chumvi barabarani ili magari yasiteleze kwenye barafu, na majira ya joto anabeba lami ya kuziba mashimo. Wanaume wa pale yadi ya malori walipompokea walimwekea mto wa rangi ya waridi kwenye kiti cha lori, kumdhihaki. Akaukalia. "Asanteni," akawaambia. "Nyie endeleeni kukalia chuma, viuno ni vyenu."

Nalisema hili mapema ili ujue kwamba ninayemsimulia si mtu wa kulialia.

Uchungu wa kumzaa binti yake Connie ulimshika asubuhi ukamkesheza usiku kucha. Mwishowe mtoto aligoma njiani, moyo wake ukaanza kupiga kwa kusitasita, daktari akamvuta kwa koleo. Leanne alivuja damu mpaka akaongezewa ya watu wengine. Mumewe Dale, fundi bomba, mtu mkubwa wa mabega, alisukumwa pembeni akasimama na mgongo wake ukutani, na waliomkuta siku ile hospitali waliniambia alikuwa mweupe kama unga. Connie alitoka na alama mbili nyekundu kwenye mapanja, kando ya macho, moja kila upande. Zilififia upesi.

Leanne aliporudi nyumbani alimleta mtoto kwangu kabla hata hajavua koti. "Anti Pat, mtazame," akasema. "Tumepigana mimi na huyu, na wote wawili tumetoka wazima." Alikuwa amejaa fahari, na alikuwa na haki nayo. Fahari hiyo ndiyo waliyokuja kumpokonya, na ndiyo maana nikilizungumza jambo hili mpaka leo damu inanichemka.

Connie alipotimiza kama majuma matatu likaja chango. Mchana kutwa ni mtoto wa kucheka na dari. Ikifika saa kumi na moja ya jioni anakunja magoti kifuani, tumbo linakuwa gumu kama ngoma, anajamba kidogo na kulia sana. Kulia kwenyewe hakukuwa kwa njaa wala kwa nepi. Kulikuwa kwa mtu anayeshtaki. Chakula cha jioni cha Dale kilikuwa kinapoa mezani kila siku, na mimi upande wa pili wa ukuta nikawa sisikii taarifa ya habari.

Walijaribu yote. Maji ya dawa ya gesi kutoka duka la dawa, kumwendesha miguu kama anayekanyaga baiskeli, kuwasha mashine ya kufyonza vumbi ili adanganyike na ule mvumo, kumzungusha kwenye gari la kazi la Dale kati ya mabomba. Nesi wa watoto alipokuja alimpima, akambonyeza tumbo, akasema mtoto ananenepa na ana afya. "Ni chango. Lina mwanzo na lina mwisho. Miezi mitatu, minne, linaondoka lenyewe. Mkichoka, mlazeni kitandani mwake salama, mtoke mpumue."

Maneno haya yalikuwa ya kweli lakini hayakuwa na utamu. Mtu aliyechoka hataki kuambiwa subiri.

Brenda, mama yake Dale, yeye alikuwa na maneno mengine. Alikuja kila Jumapili baada ya nyama ya kuoka, akakaa kwenye kiti cha dirishani na mkoba wake mapajani kama anayesubiri basi.

"Umekula nini jana, Leanne?"

"Kari, Brenda. Ya Dale, alikwenda kuinunua."

"Basi si umeona. Kari inaingia kwenye maziwa."

Juma lililofuata hakula kari. Brenda akasema ni kabichi. Kisha vitunguu, kisha kahawa. Leanne akawa anakula mkate mkavu na kuku wa kuchemsha, na Connie analia vilevile.

"Kwa hiyo sasa ni kuku, Brenda?"

"Mimi nasema tu, kipenzi. Dale wangu hakulia hivi."

"Dale wako alilia," nikamwambia mimi, kwa kuwa nilikuwepo. "Nilikuwa nafanya kazi na wewe kiwandani. Ulikuwa unakuja na macho mekundu kama ya sungura."

Brenda akaangalia nje.

Yeye ndiye aliyeleta habari za Bwana Haldane. Huyu Piers Haldane alikuwa tabibu wa viungo aliyefungua chumba chake juu ya duka la vyakula vya asili, na sifa yake ilikuwa watoto wachanga. Hawapi dawa. Hawakandi. Anaweka vidole chini ya kichwa cha mtoto, anafumba macho, na kusema anasikiliza fuvu, kwamba mifupa ya kichwa ina mwendo wake kama wa pumzi, na ukikwama tumbo nalo linakwama. Nusu ya wanawake wenye vigari vya watoto hapa bondeni walikuwa wameshapanda ngazi zile.

"Kichwa na kujamba vinahusiana nini?" Leanne akauliza.

"Twende tu," Dale akasema. "Itatudhuru nini?"

Mara ya kwanza Leanne alinisimulia siku ileile, tukiwa uani tunaanika nguo, ukuta mfupi kati yetu. Chumba kilikuwa na joto zuri na zulia laini. Haldane alikuwa na sauti ya chini, ya mtu ambaye hajawahi kuita mtu mtaani. Alimlaza Connie juu ya mto, akampakata kichwa kwa viganja viwili, na mtoto, saa ileile ya kulia, akanyamaza. Leanne alikuwa kwenye kiti cha mikono. Akasinzia. Alipozinduka mate yalikuwa yamemtoka, na Dale alikuwa analengwalengwa na machozi.

"Nusu saa ile, Anti Pat, sijawahi kulala usingizi kama ule," akaniambia. "Ningeishia hapo ningemwombea mema mpaka leo."

Hawakuishia hapo. Haldane alifungua macho akaanza maswali. Alizaliwaje? Dale akamweleza: saa nyingi, koleo, damu.

"Ndiyo," akasema Haldane. "Nimeyasikia humu. Alibanwa. Fuvu limeushika mshtuko ule, halijauachia." Kisha akamgeukia Leanne. "Na ujauzito wenyewe? Ulikuwa na utulivu?"

"Nilikuwa naendesha lori."

"Aha," akasema Haldane.

Leanne aliirudia hiyo aha pale uani, akiwa na kibanio cha nguo mdomoni, akakitoa kibanio akairudia tena. "Anti Pat, mtu anaweza kukutukana kwa herufi tatu."

Wakarudi, mara baada ya mara. Siku za kwenda kwa Haldane, Connie wakati mwingine alilala vizuri jioni, na Dale akatembea mtaa mzima akitangaza. Wakati mwingine alilia kama kawaida, na Haldane akasema hiyo pia ni dalili nzuri, mshtuko unatoka. Nikamwuliza Dale, "Sasa akilala amepona na akilia anapona. Atafanya nini tujue kwamba hajapona?" Akacheka, lakini hakupenda.

Halafu likaja lile neno, ambalo Dale mwenyewe alilileta nyumbani. Haldane alimwambia Dale, wakiwa wawili ngazini wakati Leanne anamfunga mtoto nguo, kwamba mwili wa mama bado una hofu ya uzazi, umekaza, na mtoto anaipokea hofu hiyo kupitia mikono. Kwamba kwa muda huu ingekuwa vyema baba amshike zaidi jioni.

Dale si mtu mbaya. Nataka hilo lieleweke. Lakini alilichukua neno lile kama mtu anavyochukua spana aliyoitafuta kutwa. Connie akianza kulia, Leanne akimwinua, Dale ananyoosha mikono. "Nipe mimi. Umekaza."

"Sijakaza, Dale. Namshika tu."

"Mabega yako hayo. Tazama. Nipe."

Na yeye anampa. Mwanamke yule, aliyekalia mto wa waridi mbele ya yadi nzima, alikuwa anatoa mtoto wake mikononi bila ubishi, kwa kuwa alikuwa amechoka, na kwa kuwa mtu mwenye sauti ya chini alisema. Mtoto analia mikononi mwa Dale vilevile, ila sasa akilia mikononi mwa baba ni chango, na akilia mikononi mwa mama ni mama.

Mchana mmoja nilimkuta amekaa jikoni, Connie yuko sakafuni kwenye kiti chake cha kubembea anacheka na kijiko. Leanne alikuwa anambembeza kwa mguu.

"Mbona humpakati?" nikauliza.

"Ametulia. Sitaki kumharibu."

"Kumharibu na nini?"

Akaniangalia. "Anti Pat, naogopa kumshika mwanangu."

Nilimwinua Connie, nikamweka kifuani kwake, nikaikunja mikono yake mwenyewe juu ya mtoto, mmoja mmoja. Leanne alilia kimya. Connie hakulia. Nilirudi kwangu nikakata viazi kwa hasira mpaka vikawa vidogo kama maharage.

Connie alipokuwa anaelekea miezi minne, Haldane alifunga chumba akaenda Ureno kwa mapumziko. Alipokuwa huko, chango likaondoka. Hakuna aliyefanya kitu. Jioni moja saa kumi na moja ilifika, Connie akakunja magoti, akajamba, akashangaa, akaendelea kunyonya ngumi yake. Kesho yake vivyo hivyo. Mtoto alikuwa na miezi minne, kama nesi alivyosema tangu mwanzo. Dale alikula chakula cha moto, akawa anakitazama kama hakijui.

Haldane aliporudi, na rangi ya jua usoni, Dale alimpeleka Connie mara moja zaidi, "kumalizia." Haldane akampakata kichwa akasema kazi imekamilika.

Leanne aliliacha hilo. Furaha ya ukimya ilikuwa kubwa kuliko hamu ya kugombana. Ungekuwa mwisho wa hadithi kama asingeenda kununua chipsi.

Alikuwa kwenye foleni, Ijumaa, samaki na chipsi kama kila mtu. Kwenye kioo cha duka palikuwa na tangazo: Bwana Haldane atazungumza na wazazi na wajawazito katika ukumbi wa kanisa la Methodisti, juu ya kuponya mshtuko wa kuzaliwa. Na chini yake: wazazi wa mtoto Connie watatoa ushuhuda. Picha ya Connie ilikuwepo, ile ya kofia ya manjano, ambayo Dale alimtumia Haldane kwa simu kwa moyo mweupe.

Alikuja kwangu bila kupitia kwake, chipsi zimelowesha karatasi.

"Wazazi, wameandika. Wazazi. Mimi nimeulizwa na nani?"

"Dale anasemaje?"

"Dale atasema lolote nikimwuliza leo. Sitamwuliza. Nitakwenda kusikia."

Mimi katika ukumbi ule ndiye mpika chai, kwa hiyo nilikuwa pale nyuma ya birika kubwa siku ilipofika. Ilikuwa Jumamosi mchana. Ukumbi ulijaa kuliko ibada. Brenda alikuwa safu ya mbele na kofia. Haldane alikuwa na fuvu la plastiki ambalo mifupa yake inaachana, akalipitisha mkono kwa mkono, wajawazito wakalipokea kama yai. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Kisha akamwita Dale.

Dale alisimama na mikono mifukoni. "Mimi si mzungumzaji," akaanza. "Mke wangu alijifungua kwa taabu sana, kwa damu nyingi. Mtoto aliumia kichwani, na mama alikuwa, vipi niseme, hofu ilimwingia, na ikawa inamfikia mtoto..."

Mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Leanne alikuwa amesimama pale na Connie amefungwa kifuani kwa kitambaa, sijui tangu lini. Alikuja mbele taratibu, akipita kati ya viti, akisema samahani kwa kila goti aliloligusa.

"Kaa, Dale," akasema. "Hili langu."

Dale akakaa.

"Mimi ni mama yake huyu," akawaambia watu. "Sikujua kwamba natoa ushuhuda mpaka nilipokwenda kununua chipsi. Basi natoa. Mtoto wangu alikuwa na chango. Lilianza akiwa na majuma matatu na likaisha akiwa na miezi minne. Siku lilipoisha, Bwana Haldane alikuwa Ureno. Kama mikono yake inafika toka huko, ni mirefu."

Watu wakacheka, na Haldane mwenyewe akatabasamu kama anayemvumilia mtoto. Tabasamu lile lilikuwa kosa.

"Leanne," akasema kwa ile sauti, "mara nyingi mwili unakamilisha kazi baada ya..."

"Sijamaliza. Watu wote humu wamesikia sasa nilivyozaa, hata damu yangu wameisikia, basi wasikie na hili. Nilipoletwa kwako nilikuwa najua jambo moja tu kwa hakika, kwamba mimi na huyu tulipigana tukatoka hai. Ukaniambia nilimuumiza. Ukamwambia mume wangu, ngazini, nikiwa sipo, kwamba mikono yangu inamdhuru mwanangu."

"Sikusema hivyo."

"Ulisema hofu yangu inampitia kwenye mikono, baba amshike yeye. Nieleze tofauti. Nina muda, mtoto amelala."

Haldane aligusa lile fuvu la plastiki, akalipanga vizuri mezani. "Kina mama wengi hubeba hatia baada ya uzazi mgumu. Kazi yangu ni kuisaidia itoke."

"Sikuwa na hatia yoyote mimi. Wewe ndiye uliyeileta, ukaniwekea, kisha ukataka nikulipe uitoe."

Mwanamke mmoja safu ya kati, namjua, binti wa muuza nyama, akasema kwa ukali kwamba mwanawe yeye alisaidika, na kwamba haifai kumdhalilisha mtu mwema hadharani.

"Sikukatalii," Leanne akamjibu. "Hata mimi nililala kwenye kiti chake usingizi mtamu. Nazungumzia alichosema nilipoamka."

Karibu na birika langu alikaa Shazia Hussain, msichana wa duka la vitambaa, mimba yake ya kwanza imeshakuwa kubwa. Akainua mkono kama shuleni.

"Samahani. Sasa mimi niende kwake au nisiende?"

Leanne alifikiri. "Sijui, kipenzi. Mimi si daktari. Mtoto akilia mpeleke kwa daktari kwanza, akuhakikishie hana ugonjwa. Baada ya hapo, yeyote anayetaka kumshika, mwache amshike nawe ulale. Lakini siku mtu akikwambia kulia kwake ni kosa lako, mchukue mwanao utoke."

Akatoka kwa mlango uleule wa pembeni. Brenda alisimama, akarekebisha kofia, akatoka kwa mlango mkubwa. Chai yangu ilibaki nusu birika.

Jioni ile nilisikia yaliyosemwa upande wa pili, si kwa kutega sikio. Ukuta wenyewe nimeshakueleza.

"Umeniaibisha mbele ya watu," Dale akasema.

"Na wewe umenivua nguo mbele ya watu haohao. Nani kakwambia uzazi wangu ni wako kuusimulia?"

"Nilikuwepo, Leanne."

"Ulikuwepo ukutani."

Kisha sauti ya Dale, sijawahi kuisikia hivyo. "Damu ilikuwa inafika kwenye viatu vya daktari. Nilijua umekufa. Hakuna aliyenigeukia kuniambia kitu. Halafu unarudi nyumbani unacheka, unasema mmepigana mkashinda, na mimi kila nikifumba macho naona viatu vile. Haldane aliniuliza. Yeye ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza."

Nilidhani hapo Leanne atalainika. Alilainika, lakini si haraka.

"Basi hofu ilikuwa yako," akasema.

"Ndiyo."

"Na ukaikubali ilipopewa jina langu."

Baadaye nikasikia maji ya kuogea yanafunguliwa, na Leanne anasema, kwa sauti ya kawaida, kwamba siku nyingine akitaka kusema habari za viatu amwambie yeye kwanza. Dale akasema sawa. Alimwambia, kweli, vipande vipande, miezi ile iliyofuata. Na akaenda kuonana na mshauri pale zahanati, jambo ambalo wanaume wa mtaa huu hawalifanyi wala hawalitaji.

Brenda hakuonekana Jumapili kadhaa. Alipokuja alileta pudingi ya wali, akakaa kiti cha dirishani, akamwomba Leanne ampe mtoto. Kari ilirudi mezani.

Shazia alizaa mtoto wa kiume, Idris, naye akapata chango baya kuliko la Connie. Leanne alikuwa anakwenda pale juu ya duka la vitambaa saa ya kilio, Connie kiunoni, anampokea Idris na kuzunguka naye chumbani huku Shazia anaoga na kula. Mtoto alikuwa analia tu. Leanne anamwambia, "Najua, bwana mdogo, najua," na anaendelea kuzunguka.

Haldane bado yupo. Ngazi zake bado zinapandwa, na jina lake bado linatajwa kwa upole. Mwezi uliopita tulikuwa sokoni, mimi na Leanne, tunachagua karoti, akatujia na kikapu chake.

"Leanne," akasema. "Nimekuwa nikitaka kukwambia. Samahani kama ulijisikia vibaya."

Leanne aliishika karoti aliyokuwa nayo, akaitazama, akairudisha.

"Toa hiyo *kama*," akasema. "Halafu uje tena."

Akasubiri. Haldane akasema siku njema, akaelekea kwenye jibini. Leanne akamlipa mwenye karoti, na njia nzima ya kurudi, mlima wote ule, hakuacha kuisema ile *kama*.